MAREHEMU MZIMA MOTO WA MANEROMANGO, NA DENI LETU KWAKE

Ndugu wanachama, khabari ya kufariki kwa mzee wetu wa Maneromango mmekwisha kuipata. Alikuwa askari wa zimamoto mjini Dar es Salaam tangu mwaka 1978 hatta alipostaafu mwaka 2016, alipotimiza miaka 60. Jina lake hatulipigi chapa, kwa kuwa wenyewe wameomba hivyo, na waliomjua wanamjua. Chama kilipeleka ubani, kikapeleka na taji la maua, na Katibu akasoma hotuba. Hayo ni mema. Walakini twaona yafaa kusema neno juu ya namna ya kumkumbuka mtumishi kama huyu, maana taji lile lilinyauka kabla ya matanga kuanuliwa.

Kwanza tuwajibu walionong'ona pale msibani kwamba marehemu hakuwa karani, basi chama kina nini naye. Sisi hatukubali neno hilo. Chama cha watumishi Waafrika alichokianzisha Martin Kayamba huko Tanga mwaka 1922 hakikuuliza mtu ni wa dini gani wala kabila gani. Nasi leo hatuna sababu ya kuuliza mtu alishika kalamu au alishika mpira wa maji. Mwenye kalamu akikosea, hupiga mstari akaandika tena. Mwenye mpira wa maji akikosea, watu hufa.

Kazi yake aliisema kidogo sana. Siku ya tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa mjini Dar es Salaam wakafa watu 11, alikuwa zamuni. Tulipomwuliza alijibu tu kwamba moshi ulikuwa mweusi, kisha akauliza khabari za mihogo. Soko la Kariakoo lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, yeye alikuwa mstaafu, yuko kwake Maneromango, na alipopata khabari asubuhi hakuuliza mali ngapi imepotea. Aliuliza, "Maji waliyapata wapi?" Mtu asiyeijua kazi ile hawezi kuuliza swali hilo.

Nyumbani kwake ndiko tuliko na mengi ya kusema. Kwa miaka mingi mkewe alikaa kijijini akilima mihogo na kutunza mikorosho, naye akikaa mjini kwenye zamu. Na kila mwisho wa mwezi alipanda gari kwenda Kisarawe na kuendelea hatta Maneromango, na kifurushi cha sukari na madaftari mkononi. Watoto watano walisoma kwa safari hizo. Alikuwa na desturi ambayo watoto waliicheka: hakulala kabla hajainama jikoni na kugusa majivu katikati ya mafiga, kuona kama kaa limezimika. Na baada ya mwaka 1994, mabinti zaidi ya 40 walipoteketea katika bweni la shule ya Shauritanga, Rombo, alipiga marufuku koroboi kuingia chumba cha kulala. Anayetaka kusoma, akae barazani, naye baba atakaa pamoja naye hatta amalize. Binti yake mkubwa, ambaye sasa ni mwalimu, alituambia kwamba baba yao hakujua hesabu za darasa la saba, illa alikaa akizitazama usiku kucha kana kwamba anazijua.

Alipostaafu hakukaa bure. Kila kiangazi, watu wanapochoma mashamba kungoja mvua, alizunguka kwa jirani kuwahimiza wafyeke ukanda kuizunguka mikorosho kabla ya kuwasha kiberiti, na wawashe jioni upepo ukitulia. Wengine walimwita mwoga. Mikorosho yao inajulikana kwa weusi wake.

Siku ya mazishi watani wake Wanyamwezi walifika na kamba ndefu ya katani, wakaikokota mpaka kando ya jeneza, wakamwambia, "Amka wewe, Kariakoo inaungua, umelala?" Watu walicheka na machozi yakiwatoka. Twaona watani wale walimsifu kuliko hotuba yetu.

Sasa deni. Marehemu aliajiriwa na halmashauri, maana zamani hizo zimamoto ilikuwa kazi ya halmashauri. Baadaye, kwa sheria ya mwaka 2007, likawekwa jeshi moja la nchi nzima la Zimamoto na Uokoaji. Hivyo akawa na majalada mawili. Katika barua ya kwanza ya kuajiriwa, karani aliandika jina la babu yake kwa herufi moja isiyo yake, na kitambulisho chake kina herufi iliyo sahihi. Kwa herufi hiyo moja mtu mmoja akawa watu wawili, na miaka yake ya mwanzo ikawa ya mtu asiyejulikana. Ofisi moja, ambayo hatuitaji, ilimwambia alete hati ya kiapo, akaleta. Ikamwambia jalada halionekani masijala, akarudi. Alikwenda na kurudi kwa nauli yake mwenyewe, na pensheni aliyopata ilikuwa pungufu mpaka siku aliyokufa.

Leo mjane wake anaanza upya: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, shauri la mirathi katika Mahakama ya Mwanzo, kisha foleni ile ile. Hajui jalada ni nini. Sisi twajua. Katika chama hiki mna watu waliokaa masijala miaka thelathini, wanaoweza kufuata karatasi toka dirisha hatta dirisha kama mwindaji afuatavyo nyayo. Elimu hiyo ndiyo mali yetu, na twaona ni aibu kununua maua na kuiacha elimu hiyo imefungiwa kabatini.

Kwa hiyo twaleta shauri hili katika mkutano ujao. Fedha ya mataji ibadilishwe iwe nauli na gharama za mahakama za wajane wa wanachama. Wachaguliwe watu watatu wanaojua kazi za masijala, waanze na jalada la mzee huyu. Kadhalika kila mwanachama aliyebakiza miaka mitano au pungufu kustaafu alete barua yake ya kwanza ya kuajiriwa, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, vilinganishwe herufi kwa herufi yeye mwenyewe akiwapo. Wenye barua za halmashauri za kabla ya mwaka 2007 watangulie, maana kazi yao ndiyo ndefu. Binti wa marehemu amekubali kuja na karatasi zote za baba yake, ambazo alizitunza katika bati la biskuti, mbali na jiko.