CHOKOLETI ZA KARIAKOO SI CHAKULA CHA MBWA



Mbwa wa mwenzetu mmoja alikufa usiku, na asubuhi jirani yake akatuhumiwa kumtilia sumu. Mpaka leo hawasalimiani. Sisi tuliwauliza watoto wa nyumba ile. Wakasema jioni walimpa mbwa pakiti tatu za chokoleti nyeusi, zile ambazo wenzetu wanaopeleka mchicha Kariakoo huzinunua Mtaa wa Kongo kwa bei ya kutupa, zimepigwa jua mpaka zimeota weupe. Watoto walizionja, wakaona chungu. Basi, mpe mbwa!

Jamani, ubaya si kule kupigwa jua. Hata chokoleti nzima ni sumu kwa mbwa. Ndani ya kakao, hii inayolimwa na ndugu zetu wa Kyela, mna kitu kiitwacho theobromini. Mwili wa mtu hukimaliza upesi, wa mbwa hukawia nacho, kikapanda mpaka kwenye moyo na fahamu. Chokoleti ya maziwa inacho kidogo, nyeusi inacho zaidi, na unga wa kakao wa kopo unazishinda zote. Mbwa wa kilo 15 akilamba gramu 50 za unga huo anaweza kukakamaa kama mwenye degedege.

Dalili huchukua saa kadhaa kutokea, ndiyo maana mnyama anakula jioni, anazidiwa usiku, na watu wanamuwaza jirani. Hutapika, huharisha, hunywa maji sana, hatulii, moyo unakwenda mbio. Dawa ya kuiua sumu hiyo haipo. Bwana mifugo akiwahiwa humtapisha na kumpa mkaa wa dawa. Msimnyweshe maji ya chumvi, mtamuongezea madhara. Maziwa nayo hayaiondoi.

Wapo wanaosema mbwa ni najisi, ya nini kumwandikia karatasi. Sawa, lakini usiku nguruwe pori wakiingia kwenye mihogo, nani anabweka?

Rai yetu ni kwamba wasafiri wa Kariakoo waziache chokoleti hizo huko huko, na wenye kakao nyumbani waiweke mahali wanapoweka sumu ya panya. Na yule jirani aombwe radhi mbele ya kamati, siyo kichochoroni. Makopo ya kakao ya duka letu yamekwisha pandishwa rafu ya juu.