Kubeti laivu Mafia: Unasubiri, kumbe kampuni ishaliona goli

Wazee wa mikeka Mafia wana mbinu moja wanaiamini sana: usiweke dau kabla ya mpira kuanza. Tulia hapo kibanda umiza Kilindoni, angalia dakika 20 za kwanza, ujue nani kaja kucheza na nani kalala, ndipo utoe hela kwenye simu.

Wazo lenyewe si la kijinga. Wacheza poka wanalo. Mchezaji wa nafasi za mwanzo aliyepandisha dau mapema anaweza kunyamaza karata tatu za mezani zinapofunuliwa, akawaacha wa nyuma yake wajionyeshe. Karata ya nne ikitoka, ndipo anaweka dau. Mbinu hiyo inafaa kwa sababu mpinzani naye anabahatisha. Karata za mezani wote wanaziona kwa wakati mmoja.

Kwenye kubeti laivu hakuna usawa huo. Picha ya kibandani imepita kwenye satelaiti, inafika imechelewa sekunde kadhaa. Ukitazama kwa bando, huenda ikachelewa zaidi. Kampuni zinapata taarifa kutoka kwa watu waliokaa uwanjani. Ndiyo maana odds zinafungwa ghafla wakati wewe bado unaona mpira uko katikati. Hata ukiwahi kubonyeza, dau lako linasubirishwa kidogo kabla ya kukubaliwa. Goli likiingia hapo, linakataliwa. Yaani muda wa kusubiri wanao wao pia, na wanaona kabla yako.

Halafu kuna hesabu. Tuseme odds ni 1.85 huku na 1.85 kule. Ukiweka shilingi 1,000 kila upande, umetoa 2,000. Atakayeshinda yeyote, unarudishiwa 1,850. Zile 150 ni za kampuni, na kodi ya ushindi bado haijaguswa. Kwenye laivu, odds kwa kawaida hubanwa zaidi ya hapo.

Hata hivyo, pengine hasara kubwa iko kwenye idadi. Mvuvi aliyezoea kuchaniwa mkeka mmoja wa 1,000 Jumamosi, kwa laivu anaweza kuweka mara nne au tano kabla ya filimbi ya mwisho: kona, kadi, goli lijalo. Na hela ya mafuta ya boti ya kesho alfajiri imo humohumo kwenye simu.