Bunduki Rahisi, Shabaha Ghali

Wiki iliyopita dogo mmoja wa Kitanzania, mwanafunzi hapa hapa Ohio, alinipigia simu usiku. Mara hii hakuulizia Simba na Yanga. "Kaka, nina dola 2,000 nimezikusanya kidogo kidogo kwenye kazi za chuoni," akasema. "Nataka bunduki ya kulenga shabaha ya mbali, yadi 1,000. Isiwe ghali sana. Ninunue ipi?"

Nilimjibu kifupi, lakini baada ya kukata simu nikaona jibu lenyewe ni refu, na huenda wapo wengine wenye swali lake. Basi naliweka hapa.

Nianze na mnaoshangaa. Najua kwetu bunduki ni kitu cha polisi, cha jambazi, au cha mzee mwenye gobore la kufukuzia ngedere shambani. Habari ya mtu kununua bunduki ili atoboe karatasi inachekesha. Lakini huku ni mchezo wenye umri mkubwa. Camp Perry, kando ya Ziwa Erie, mashindano ya kitaifa ya shabaha yamekuwa yakifanyika tangu 1907. Utakuta wazee na vijana wamelala kifudifudi, wanahesabu pumzi, wanatazama majani yanavyopepea, halafu ndipo wanafyatua. Mimi nilipelekwa kiwanjani mara ya kwanza na mzee jirani yangu, mstaafu. Nilikwenda na daftari nikidhani napata habari ya kuandika. Nikarudi nimenogewa.

Sasa turudi kwa dogo. Swali langu la kwanza halikuhusu bunduki kabisa. Nilimuuliza, "Una viza gani?" Akasema ya mwanafunzi. Nikamwambia, dogo, hapo tusimame kwanza.

Jamani, hili wengi hawalijui. Kwa sheria ya shirikisho la Marekani, mtu aliyeingia kwa viza ya muda, iwe ya mwanafunzi au ya mtalii, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi. Hata kuishika ile ya kukodi kiwanjani kunaweza kuhesabiwa kosa. Ipo misamaha michache, na unaojulikana zaidi ni wa mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Mwenye ukaazi wa kudumu kama mimi hali yake ni tofauti: anajaza fomu dukani, anakaguliwa kwenye kumbukumbu za FBI, akipita ananunua. Ukikosea hapa hulipi faini ukaenda zako. Ni kosa la jinai, na linaweza kukurudisha nyumbani bila shahada. Muuzaji anaweza kuwa mkarimu, rafiki yako wa Kimarekani anaweza kukwambia "njoo tu ujaribu yangu," lakini siku ya kupandishwa ndege utapanda peke yako. Muone mwanasheria wa uhamiaji kabla hujaona duka.

Tuchukulie karatasi zako ziko sawa. Je, bunduki ya bei nafuu ni ipi? Hapa nina kidonda changu, acha nikifunue.

Mimi nilipoanza nilitumia dola 1,400 kwenye bunduki nzuri ajabu, halafu juu yake nikafunga darubini ya dola 120. Wiki tatu nikawa napiga kama kipofu. Nikizungusha kirekebishi cha darubini mibofyo minne, risasi inahama kana kwamba nimezungusha minane. Mara nyingine haihami kabisa. Nikalaumu mtutu, nikalaumu upepo, mwisho nikajilaumu mwenyewe. Mzee akanitazama, akafungua darubini yangu, akafunga yake. Risasi tano zikakaa mahali ambapo ungezifunika kwa kizibo cha soda. Bunduki haikuwa na tatizo lolote.

Baya zaidi ni kwamba fedha za kununua darubini nzuri zilikuwa zimekwisha, na za risasi pia. Risasi ya mashindano, ile iliyotengenezwa kwa vipimo makini, inazidi dola 1 kila moja. Ukipiga 60 Jumamosi moja, zidisha mwenyewe. Mwezi ule nilipunguza hela ya nyumbani, nikamdanganya mama kwamba benki inasumbua. Bado naona aibu. Baadaye niliiuza ile bunduki kwa hasara.

Ndiyo maana nasema tunakosea mpangilio. Tunauliza bunduki kwanza, darubini baadaye, na risasi tunazikumbuka mwisho. Ingefaa tuanzie kwenye risasi.

Fikirini namba. Wapiga shabaha hupima usahihi kwa dakika ya nyuzi, yaani nyuzi moja ikigawanywa kwa 60. Kwa yadi 100 ni kama inchi 1, kwa yadi 1,000 ni kama inchi 10. Katika mashindano yanayoitwa F-Class, duara la pointi 10 kwa yadi 1,000 lina upana wa inchi 10. Sasa bunduki nyingi za kiwandani za leo, hata za bei ya chini, zinaweza kukaribia kipimo hicho cha dakika moja zikipewa risasi inayozifaa. Ruger American inaweza. Savage 110, muundo uliopo tangu 1958, inaweza, na mtutu wake umefungwa kwa nati, hivyo ukichakaa fundi haumsumbui sana kuubadilisha. Tikka T3x ya Finland inaweza, ingawa bei yake iko juu kidogo. Tafuta yenye mtutu mnene, maana mtutu mwembamba wa kuwindia hupata moto baada ya risasi chache na shabaha huanza kutangatanga. Ukiwa mvumilivu utapata ya chini ya dola 1,000, na iliyotumika itakuwa chini zaidi.

Kuna ubishi wa aina ya risasi. Ile ya .308 Winchester ilitoka 1952, ya 6.5 Creedmoor ilitoka 2007. Kwa yadi 1,000, upepo wa pembeni wa maili 10 kwa saa unaweza kuisukuma .308 zaidi ya mita 2. Ile 6.5 husukumwa kama mita 1 na nusu. Tofauti hiyo ni kubwa kwa anayejifunza. Lakini mtutu wa .308 hudumu muda mrefu zaidi, na ukitaka lile kundi la F-Class liitwalo F-T/R, unaruhusiwa .223 au .308 tu. Kwa hiyo jiulize kwanza unataka kushindana wapi, ndipo uchague.

Ila kama mngenipa nafasi ya kuanza upya, nisingenunua hata moja kati ya hizo. Ningenunua .22 ya kawaida, mfano CZ 457, nikaweka darubini ya maana juu yake. Kirisasi chake kipo tangu 1887 na cha kawaida bado kinanunuliwa kwa senti tu. Msikidharau. Ukiilenga sawasawa kwa yadi 50, ukifika yadi 200 kinakuwa kimeshuka karibu mita 1 na nusu, na kaupepo kadogo tu kanakihamisha. Yaani ile hesabu yote ya yadi 1,000, ya mwinuko na upepo, unaifanya kwenye kiwanja kifupi, kwa fedha ya chakula cha mchana. Mtu aliyepiga .22 elfu tatu kwa umakini atamshinda mwenye bunduki ya dola 5,000 aliyepiga risasi mia.

Najua kuna watakaonirushia methali: rahisi ghali. Nakubali, lakini nusu. Kwenye darubini ni kweli tupu, mimi ni shahidi. Kwenye bunduki siku hizi si kweli sana, kwa sababu dola elfu za ziada mara nyingi zinanunua kitako kizuri, kifyatulio laini na sifa mbele ya wenzako, na kati ya hivyo hakuna kinachojua kusoma upepo.

Kwa dola 2,000 mimi ningefanya hivi: 600 bunduki, 600 darubini, 500 risasi, zinazobaki ziende kwenye kinga za masikio na macho, miguu ya kuegemezea, na kasha la chuma lenye kufuli. Hilo kasha si pambo. Nyumba zetu huku hazikosi watoto wa ndugu na wageni wa wikendi. Kama huwezi kununua kufuli, hujafikia kununua bunduki.

Dogo alinyamaza muda mrefu kwenye simu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo nifanyeje na hizi hela?" Nikamwambia aongeze kwenye ada ya muhula ujao, na kiangazi nitampitia twende Camp Perry tukatazame wanaojua. Kutazama hakuhitaji ukaazi wa kudumu. Daftari nitabeba mimi.

Yangu ni hayo. Wewe uliyewahi kulala kifudifudi ukakosa karatasi, unasemaje?