Tanga: Pesa Zaja Leo, Zaondoka Leo

Swali la leo ni fupi. Hivi Jiji la Tanga likifunga safari kwenda Dodoma, huwa linakwenda kudai nini?

Jibu la haraka nalijua. Bandari. Reli. Barabara ya Pangani. Viwanda vifufuliwe. Haya tumeyasikia tangu tuko shule ya msingi, tumeyasikia kwenye kampeni pale Tangamano, na uchaguzi ujao tutayasikia tena. Mambo mazuri, sipingi hata moja. Lakini leo naandika, na atakayenuna anune: hayo ni maombi, madai bado hatujayatoa. Jiji linaloomba miradi kila mwaka bila kudai haki ya kushika pesa zake lenyewe ni ombaomba aliyevaa suti.

Tanga ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2005. Tukashangilia, tukabadilisha vibao vya ofisi, manispaa ikawa jiji. Sasa hebu tuhesabu pamoja kilichotokea baada ya hapo.

Mwaka wa fedha 2016/17 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilianza kuichukua kodi ya majengo kutoka mikononi mwa halmashauri. Mwaka 2017 ikafuata ada ya mabango. Mwaka huohuo barabara za mitaa zikahamishiwa TARURA. Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000, na ushuru mdogomdogo ambao halmashauri ilikuwa ikiukusanya kwa wamachinga ukakatika. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na baadhi ya sababu zilikuwa na maana. Mama muuza vitumbua wa Mgandini alipumua, sikatai. Lakini ukizijumlisha unapata picha moja: tulipewa jina, tukanyang'anywa mfuko.

Chukua hiyo kodi ya majengo, maana ndiyo kiini cha hoja yangu. Dunia nzima kodi ya nyumba ni kodi ya mji. Nyumba haihami. Thamani yake inatokana na barabara inayoipitia, mtaro unaoondoa maji, taa ya mtaani, takataka zinazozolewa. Mji ukihudumia vizuri nyumba inapanda thamani, kodi inaongezeka, mji unahudumia zaidi. Hesabu hiyo haihitaji digrii.

Kwetu ikoje? Mwaka 2018 thamani ya nyumba ikawekwa kando, ikaja bei moja: nyumba ya kawaida shilingi 10,000 kwa mwaka. Mwaka 2021 ikaingizwa kwenye LUKU, shilingi 1,000 kila mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 1,500. Maana yake bangaloo la Raskazone linalotazama bahari linakatwa sawasawa na nyumba ya vyumba vinne ya bibi yako kule Makorora. Na mara nyingi anayekatwa ni mpangaji, kwa sababu yeye ndiye anayenunua umeme. Mwenye nyumba yuko zake Dar, anakula kodi ya pango na kodi ya serikali analipiwa!

Na pesa yenyewe inakwenda wapi? Hazina. Halmashauri inasubiri mgawo, na mgawo hupangwa na anayegawa. Wazee wa Tanga walisema waja leo waondoka leo. Siku hizi naona msemo umehamia kwenye pesa. Zaja leo, zaondoka leo, tena kwa njia ya simu.

Kinachokera zaidi ni hiki. Kuanzia mwaka 2010 Tanga ilikuwa kwenye Mradi wa Miji Mkakati, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia. Wengi tunaukumbuka kwa barabara za lami, lakini sehemu ya mradi ule ilikuwa kuijengea miji uwezo wa kukusanya mapato yake. Yaani nchi ilikopa ili miji ijifunze kukusanya, kisha miji ilipoanza kujua, makusanyo yakachukuliwa. Deni tunalipa wote.

Sasa mtasema, tuna wabunge, tuna mawaziri. Ni kweli, na hapo ndipo pa kujifunza. Marehemu Omari Nundu alikuwa mbunge wetu na Waziri wa Uchukuzi, 2010 hadi 2012. Wizara yenye bandari ilikuwa mkononi mwa mwana wa Tanga! Kuchimba kina cha bandari kulikuja kuanza mwaka 2019. Ummy Mwalimu akiwa mbunge wa Tanga Mjini aliiongoza TAMISEMI kuanzia 2021 hadi Januari 2022, wizara inayosimamia halmashauri zote nchini. Kodi ya majengo iliingia kwenye LUKU kipindi hichohicho. Siwalaumu wao, waziri ni mtumishi wa serikali nzima. Ninachosema ni kwamba kutegemea "mtu wetu" hakubadilishi sheria. Mtu anahamishwa wizara kwa tangazo la usiku mmoja. Sheria inabaki.

Tuje kwenye bandari. Kazi kubwa imefanyika, tuseme kweli. Shilingi bilioni 429.1 zimetumika. Zamani meli zilitia nanga kilomita 1.7 kutoka gatini na mzigo ukafuatwa kwa matishari. Kina kilikuwa mita 3, sasa ni mita 13, na meli zinafunga gatini. Hongera kwa wote waliohusika. Lakini muulize diwani wa kata yako: katika kila kontena linaloshuka pale, sheria gani inasema sehemu fulani ya ushuru wa bandari ni ya Jiji? Malori yanapita kwetu, vumbi letu, foleni yetu, ajali zetu. Mapato ni ya taifa.

Halafu kuna bomba. Agosti 2017 Rais Magufuli na Rais Museveni waliweka jiwe la msingi Chongoleani. Bomba lina kilomita 1,443 kutoka Hoima, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Mwanzo wake ni Uganda na mwisho wake ni kata ya Jiji la Tanga. Sasa sikiliza. Uganda wana Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015. Inasema mrabaha wa mafuta, asilimia 94 inabaki serikali kuu, na asilimia 6 inakwenda kwa serikali za mitaa za maeneo yanayotoa mafuta. Asilimia 6 ni kidogo, nakubali, lakini imeandikwa. Mtu wa Hoima anaweza kwenda mahakamani na karatasi mkononi.

Mtu wa Chongoleani ataenda na nini? Na picha ya jiwe la msingi?

Najua mjuzi mmoja atanijibu kwamba sisi hatuzalishi mafuta, tunayapitisha tu. Sawa. Lakini matangi yanakaa kwetu, meli za mafuta zinapakia kwetu, na likitokea la kutokea ni bahari yetu na wavuvi wetu wa Chongoleani na Sahare watakaoosha nyavu zenye lami. Anayebeba hatari awe na fungu lake kwa mujibu wa sheria. Bunge lilitunga sheria maalumu ya bomba hili mwaka 2021. Kama sheria maalumu iliwezekana kwa ajili ya wawekezaji, haishindikani kwa ajili ya wenyeji.

Vuka Horohoro kidogo uone jirani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema kaunti zote kwa pamoja zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na inaipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya ardhi na majengo. Mombasa si peponi. Wanalia na takataka, wanalia na ufisadi, na fungu la bandari yao wamelipigania miaka mingi. Lakini gavana wa Mombasa akigombana na Nairobi anagombana akiwa ameshika katiba. Meya wa Tanga akitofautiana na Dodoma anashika nini?

Sasa hoja ya wapinzani wangu, na ni hoja nzito: halmashauri zinakula pesa. Ripoti za CAG zinatoka kila mwaka na hazisomeki bila kushika kichwa. Makusanyo hayapelekwi benki, miradi inalipwa haijaisha. Kwa nini tuwarudishie hao hao?

Najibu hivi. Kwanza, ripoti hizohizo za CAG zinataja na serikali kuu na mashirika yake. Mbona hatujasema Hazina nayo inyang'anywe? Pili, anayeshika kalamu ya Jiji ni Mkurugenzi, naye huteuliwa na Rais. Madiwani tunaowachagua hawamwajiri na hawawezi kumfukuza. Wanaweza kulalamika. Ukiweka mtunza pesa asiyewajibika kwa wenye pesa, halafu pesa zikipotea ukawaadhibu wenye pesa, hiyo ni haki ya wapi?

Tatu, tazama Tanga UWASA. Februari 2024 mamlaka hiyo ya maji ilizindua hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12. Zikapatikana bilioni 54.72! Watu na taasisi waliamini mradi wa maji wa Tanga wakaweka pesa zao. Hiyo si halmashauri, najua, lakini mji ni uleule na wateja ni walewale. Imani hujengwa kwa vitabu vilivyo wazi, haijengwi kwa kunyang'anywa.

Na historia ipo. Serikali za mitaa zilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Miji ikaoza, mifereji ikaziba, kipindupindu kikaingia. Mwaka 1978 mabaraza ya miji yakarudishwa. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikubali hadharani kwamba kuyafuta lilikuwa kosa. Katiba yetu ibara ya 145 na 146 zimeweka serikali za mitaa humo kwa makusudi, ili madaraka yawe kwa wananchi. Madaraka bila pesa ni kikao cha chai na vitafunwa.

Basi orodha yangu ya Dodoma ina mambo matatu. Moja, kodi ya majengo irudi Jijini, itozwe kwa thamani ya nyumba na alipe mwenye nyumba. Mbili, sheria iweke fungu la Jiji kutoka bandarini na kwenye bomba, kwa asilimia inayojulikana. Tatu, Mkurugenzi awajibike kwa Baraza la Madiwani, na Baraza liwe na sauti katika kumweka na kumwondoa. Reli na barabara ziendelee kuombwa, lakini nyuma ya haya.

Njia ipo. Mbunge wa jimbo ni mjumbe wa Baraza la Madiwani kisheria, kwa hiyo Baraza likae naye, lipitishe azimio, liliandike na lilibandike ubaoni tulisome. Kodi ya majengo ilichukuliwa kwa Sheria ya Fedha. Iliyochukuliwa kwa Sheria ya Fedha inarudishwa kwa Sheria ya Fedha. Kila Juni Kamati ya Bajeti ya Bunge husikiliza maoni ya wadau juu ya muswada huo. Wenye viwanda wanafika na makabrasha yao, kila mwaka, bila aibu. Jiji nalo lifike na la kwake, likiwa na ALAT au peke yake.

Na wewe unayesoma hapa, uliyezaliwa Ngamiani ukasoma Usagara, sasa uko Dar na kompyuta ya ofisi, usijifanye hayakuhusu. Bibi yako anakatwa 1,500 kila mwezi. Diwani wake ana simu. Mpigie umuulize azimio liko wapi, kisha uje hapa utuambie amejibu nini.