Tusipangishe Programu Huria Pasipo Tahadhari

Usiache mbachao kwa msala upitao, walinena wahenga. Wasia huu unawahusu vijana wetu wanaotunga programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake u wazi kwa kila mtu kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Swali lao la kwanza huwa: tuiweke wapi kazi yetu, na tushirikiane kwa chombo gani? Aghalabu hujibu kwa kufuata msafara.

Historia yatufunza vingine. Mnamo 2002 watunzi wa Linux walianza kutumia BitKeeper, chombo cha kampuni binafsi walichoruhusiwa kukitumia bila malipo. Mwaka 2005 idhini hiyo iliondolewa, ikambidi Linus Torvalds aunde Git. Google ilifungua hifadhi yake ya miradi mwaka 2006; kufikia 2016 ilikwisha kuifunga. GitHub, iliyoanza 2008, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5. Sisemi kuwa wenye nyumba hizi ni waovu. Nasema tu kwamba mpangaji haulizwi nyumba inapouzwa.

Yamkini nitajibiwa kuwa Git humpa kila mshiriki nakala ya msimbo pamoja na historia yake. Ni kweli, ila ni nusu ya ukweli. Ripoti za kasoro na mijadala ya washiriki hubaki katika ghala la mwenye nyumba. Kwetu wanaisimu, hapo ndipo penye hazina. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Kazi ya aina hiyo hudai kila istilahi ijadiliwe. Mjadala ukipotea, kizazi kijacho kitarithi neno bila sababu yake, na ubishi utaanza upya.

Je, tuzikimbie nyumba kubwa? Hasha! Penye watu ndipo mchango hupatikana. Lakini kabla ya kuingia, kikundi kiulize: tukihama, tutatoka na mijadala yetu? Mfasiri asiyejua msimbo, mwenye simu tu, ataweza kushiriki? Nakala ya pili iko wapi, na nani ana funguo?

Wenye uwezo wanaweza kusimika GitLab katika seva yao, kama walivyofanya Debian na GNOME mwaka 2018. Asiye na wa kuitunza seva asijitwike mzigo huo. Ayaandike walau maamuzi ya istilahi katika faili zilizomo ndani ya mradi wenyewe, yasafiri nao popote uendapo.