Bakwiti: mnunuzi hulipia lishe, bei hutoka kwenye mbegu

Ukurasa huu kwa kawaida hushughulika na mahindi, mchele na maharage. Leo tunaomba radhi, tutakwenda mbali kidogo, hadi Urusi, China na Japani, kwenye zao liitwalo bakwiti. Linauzwa kwa sifa za afya, na mtu akishauziwa afya husahau kuuliza maswali ya soko.

Sifa zenyewe si za uongo. Bakwiti si ndugu wa ngano wala mahindi, ingawa husagwa na kuliwa kama nafaka. Haina gluteni, protini yake ni takriban asilimia 13, na ina laisini nyingi kuliko ngano. Warusi huipika nzima na kuila kama sisi tulavyo wali. Wajapani huifanya tambi ziitwazo soba. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo litakalomwambia mfanyabiashara bei ya mwakani.

Bei inaanzia kwenye ua. Bakwiti ya kawaida ina miche ya aina mbili: mmoja maua yake yana kijiti cha kike kirefu, mwingine kifupi. Mche hauwezi kujichavusha, wala kuchavushwa na mwenziwe wa umbo lile lile. Lazima nyuki apite kati ya maumbo mawili. Mvua au baridi ikiwazuia nyuki, au joto likikausha maua, shamba huchanua vizuri na ghala likabaki tupu. Ndiyo maana mavuno ni karibu tani moja tu kwa hekta, na hayatabiriki. Uchavushaji huo huo huchanganya vinasaba kila msimu, hivyo mbegu bora ni vigumu kuitunza ibaki ile ile.

Sasa ongeza udogo wa soko. Dunia huvuna mahindi zaidi ya tani bilioni moja kwa mwaka. Bakwiti ni kama tani milioni mbili, na karibu nusu hutoka Urusi. Ukame wa mwaka 2010 ulipoipiga nchi hiyo, bei madukani ilipanda maradufu na zaidi. Mwaka 2021 Urusi ilifunga mauzo ya nje kuanzia Juni hadi Agosti. Machi 2022, vita ilipoanza, Ukraine nayo ikapiga marufuku. Aliyekuwa na mkataba wa kupeleka mzigo miezi hiyo alijionea mwenyewe maana ya soko jembamba.

Hata hivyo, sisemi zao hili halina mali. Mali yake, kwa maoni yangu, iko mahali ambapo wauzaji hawapatangazi: milimani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtaalamu wa Kijapani, Ohmi Ohnishi, alitambua mzazi wa mwituni wa bakwiti ya kawaida huko Yunnan, kusini-magharibi mwa China. Katika milima hiyo na ile ya Himalaya hulimwa pia bakwiti ya pili, ya Kitatari, ambayo hujichavusha yenyewe na ina rutini nyingi mno kuliko ya kawaida. Kasoro yake ni uchungu: unga ukishalowa maji, kimeng'enya huvunja rutini na chakula hakiliki kwa raha.

Wajapani walipekua mbegu zilizohifadhiwa, wakapata mche wenye asili ya Nepal ambao kimeng'enya hicho karibu haumo. Kutoka humo wakazalisha mbegu ya Manten-Kirari, isiyo chungu, ambayo taarifa yake ilichapishwa mwaka 2014. Mbegu ya wakulima wa mlimani ambayo haikuwa na mnunuzi ikageuka bidhaa yenye jina. Huko ndiko ningetazama, si kwenye maandishi ya pakiti.

Kwa hiyo mwenye mtaji mdogo akiletewa sampuli, kwanza aulize: ya kawaida au ya Kitatari? Neno "bakwiti" peke yake kwenye ankara halitoshi, kwani ni bidhaa mbili. Akoroge unga na maji, asubiri, aonje. Akumbuke pia kuwa wapo watu ambao mwili wao huikataa bakwiti vibaya sana, na Japani sheria inalazimisha itajwe kwenye lebo. Na kama mzigo unatoka nchi moja tu, mkataba useme wazi nani anabeba hasara serikali ya huko ikifunga mipaka. Muuzaji akikataa kuandika kifungu hicho, mimi nisingempa malipo ya awali.