Zima Gari, Tuuziane

Mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya jambo lililozoeleka mno hata wengi hawalioni tena: moshi wa magari yaliyosimama.

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Mbeya, akishapanda Kitonga, hufika Ilula kabla ya kuingia Iringa mjini. Barabara hii ndiyo iendayo hadi Zambia, hivyo usiku na mchana hupita mabasi, Fuso na malori makubwa yenye matrela. Kando yake akina mama huuza nyanya na vitunguu. Biashara hiyo hununua daftari, sukari na dawa. Hakuna awezaye kumwambia mama aiache.

Taabu ni kwamba dereva husimama lakini hazimi injini. Hukaa dakika 10, hata 20, akichagua nyanya, akinywa chai au akimsubiri utingo apakie matenga. Mafundi husema gari liko "sailensa". Muda wote huo bomba linatoa moshi, na mama amesimama karibu nalo, mtoto mgongoni. Alfajiri amekwisha kuvuta moshi wa kuni jikoni. Mchana anaongezewa wa dizeli.

Moshi huo si harufu mbaya tu. Una masizi madogo mno yasiyoonekana kwa macho, nayo huingia hadi ndani kabisa ya mapafu. Huwasha koo na kumzidishia taabu mwenye pumu. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani ya mapafu kwa binadamu. Mtoto huumia zaidi, kwa kuwa hupumua haraka kuliko mtu mzima, na mapafu yake bado yanakua. Ni kweli kwamba mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa kidogo, na hilo ni jema. Lakini moshi uliopunguzwa makali bado ni moshi.

Madereva nao wana sababu zao, tuwasikilize. Mmoja husema injini ina joto la mlima. Ana haki: injini yenye tabo ikitoka kufanya kazi ngumu hupozwa kwanza kabla ya kuzimwa. Lakini dakika 3 hadi 5 zinatosha. Mwingine husema betri imechoka, akizima gari halitawaka. Dawa ya hilo ni betri, si kuunguza mafuta. Wa tatu hudhani kuwasha upya hula mafuta mengi. Sivyo: kwa magari ya siku hizi, kungoja zaidi ya dakika moja huku injini ikiwaka hula zaidi. Lori kubwa likinguruma saa nzima bila kwenda hunywa lita 3 hivi. Akisimama dakika 20 mahali patatu kwa siku, lita hizo zimeteketea bure.

Tena kuna hatari nyingine. Mama akisikia injini inanguruma hujua gari halikai, naye hukimbia na beseni kichwani, pengine akikatiza barabara. Gari likizimwa, watu hutulia. Bei hupatanwa vizuri, wala hakuna hofu ya gari kuondoka kabla ya pesa kutolewa.

Lakini mama mmoja peke yake hawezi. Akimwomba dereva azime, dereva aweza kusogea hatua 50 akanunue kwa mwingine. Hofu hiyo ni ya kweli, maana nyanya hazingoji. Zikilala siku mbili juani ni hasara. Kwa hiyo dawa ni kupatana wote. Tunashauri hivi:

Kwanza, wauzaji wa eneo moja wakutane, wawe na neno moja kwenye kila meza: "Zima gari, tuuziane." Dereva akilikuta kila aendako, hatakuwa na sababu ya kusogea.

Pili, aombwe kwa heshima, kama mgeni: "Karibu kaka, nyanya zipo. Tunaomba uzime gari kwanza, tuna watoto hapa." Huko Uingereza, kanuni ya mwaka 2002 inaziruhusu halmashauri kumtoza faini ya pauni 20 dereva anayekataa kuzima. Angalieni kwamba hata huko huanza kuombwa.

Tatu, meza zisogezwe nyuma kidogo, na watoto wasikae upande wa bomba la moshi. Matenga yajazwe na kufungwa mapema, lori likifika lipakie na kuondoka.

Nne, viongozi wa kijiji au mtaa waombwe kuweka kibao mahali magari yanaposimama sana, na pia karibu na shule na zahanati. Hata uwanja wa kanisa siku ya harusi usisahauliwe. Mabasi ya kukodi huweza kunguruma hapo ibada nzima.

Tano, wengi wetu ni wake, mama na dada wa madereva. Tuwaeleze nyumbani hesabu ya zile lita 3. Asiyesikia habari ya mapafu huenda akasikia habari ya mfuko wake.

Nanyi akina mama wa Mafinga, Makambako na Uyole, barabara yenu ni hiyo hiyo na moshi ni ule ule. Dereva aliyezoea kuzima Ilula hatashangaa akiombwa kwenu. Kaeni, mpatane, kisha mtuandikie mlivyofanikiwa, ili na wengine wajifunze.